Darasa Lipo, Mwalimu Je?

(Hotuba iliyotolewa kwenye sherehe yetu ya Siku ya Uhuru, Uingereza)



Nimepewa dakika chache kuzungumzia elimu huko nyumbani. Nitazitumia kwa jambo moja tu: upungufu wa walimu katika shule za umma, na mchango wetu wa mwaka huu uende wapi.

Nianze na watoto. Mnasikia wazazi wenu wakimwita Baba wa Taifa "Mwalimu". Wanangu, hilo si jina la kumpamba. Julius Nyerere alifundisha darasani, Tabora na baadaye Pugu, mpaka mwaka 1955 alipoiacha kazi hiyo kwa ajili ya TANU. Aliyetuongoza kudai Uhuru wa 9 Desemba 1961 alikuwa mtu wa kushika chaki.

Mwaka 1974 TANU iliazimia kule Musoma kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe na nafasi katika shule ya msingi. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakajifunza ualimu huku wakifundisha vijijini. Malalamiko kuhusu ubora yalikuwepo, na yalikuwa na msingi.

Tangu hapo mambo yamejirudia: mlango unafunguliwa kwanza, mwalimu anatafutwa baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ada ya shule za msingi ilifutwa. Zikafuata shule za sekondari za kata, na wahitimu wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi na kupelekwa kufundisha. Wananchi wakawapa jina la "vodafasta". Januari 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Kufungua mlango ni jambo jema, na wengi wetu tuna wapwa na wadogo zetu waliopita hapo. Lakini kiwango kilichowekwa na serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 wa shule ya msingi, na shule nyingi hazijakifikia.

Tupige hesabu. Mwalimu ana wanafunzi 90. Akisahihisha daftari moja kwa dakika mbili, zinahitajika saa tatu kwa somo moja, na ana masomo mengine yanamsubiri. Mwisho anaweka alama ya vema bila kusoma, na mtoto anapanda darasa bila kujua alikosea wapi.

Cha kushangaza, vijana waliosomea ualimu wapo tele mitaani, hawana ajira. Mwalimu wa serikali huajiriwa kwa kibali, na kibali hutegemea fungu la mishahara katika bajeti. Akishapata ajira, akapangiwa kijiji kisicho na nyumba, maji wala usafiri wa uhakika, haichukui muda anaomba uhamisho. Ndiyo maana utakuta shule ya mjini ina walimu wa kutosha, na ya kijijini ina walimu wachache wanaokimbia kutoka darasa hadi darasa. Hisabati na sayansi ndiyo hali mbaya zaidi. Nanyi watoto msidhani ni shida ya Afrika peke yake: hapa England lengo la kupata walimu wapya wa fizikia limekosekana mwaka baada ya mwaka.

Ndugu zangu, najua wengi wetu tunapenda kujenga darasa. Darasa linapigwa picha, na jina la jumuiya linaandikwa ukutani. Lakini darasa lisilo na mwalimu ni ghala la madawati. Naomba safari hii tujenge nyumba ya mwalimu. Nyumba ya vyumba viwili, yenye tangi la maji ya mvua na taa ya sola, inaweza kumfanya mwalimu abaki pale miaka mingi.

Kabla ya kutuma hata pauni moja, tuzungumze na halmashauri na kamati ya shule. Tuwaulize: mkipata nyumba hii, mtatuletea mwalimu lini? Jibu liwe la maandishi. Na kama fedha zitabaki, tumpe posho kijana mmoja wa hisabati anayejitolea, kwa muda maalumu, kupitia akaunti ya shule, isipite mkononi mwa mtu. Lakini mshahara wa mwalimu ni wajibu wa serikali. Tusiubebe sisi, tukawapa wahusika sababu ya kulala.

Wanangu, neno la mwisho ni lenu. Mkiulizwa mnataka kuwa nani mkikua, nasikia daktari, mwanasheria, rubani. Wote hao lazima wapite kwanza mikononi mwa mwalimu. Msiidharau kazi hiyo, na wazazi tusimkatishe tamaa mtoto anayeitaka.

Mwenyekiti, hoja hiyo naiweka mezani, na naomba ijadiliwe katika mkutano mkuu. Nawatakia sikukuu njema ya Uhuru.