Uliza Kabla ya Kulipia Tiba ya Seli Shina



Mgonjwa aliyehangaika kwa miaka mingi anastahili kusikilizwa, si kulaumiwa. Tunalisema hili mwanzoni kwa sababu wengi wanaotujia baada ya kulipia tiba za seli shina huanza kwa kuomba radhi, kana kwamba kutafuta nafuu ni kosa. Mfa maji haachi kutapatapa. Mwenye kosa ni yule anayemuuzia boya lisiloelea.

Seli shina ni seli changa zenye uwezo wa kujigawa na kuzaa seli za aina nyingine. Zile zilizomo katika uloto hutengeneza damu. Kwa sababu hiyo, upandikizaji wa uloto ni tiba iliyothibitishwa kwa baadhi ya saratani za damu na kwa selimundu. Hapa nchini, watoto wenye selimundu wamepandikizwa uloto katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Tiba hiyo ina masharti mazito: mchangiaji anayeoana na mgonjwa, dawa kali, na uangalizi wa muda mrefu.

Hatari huanza pale mtu anapoazima jina la tiba hiyo ya kweli ili auze kitu kingine, akidai kwamba sindano moja huponya kisukari, figo, kiharusi na magoti. Seli inayotengeneza damu haigeuki kuwa figo kwa kuchomwa tu mwilini.

Hata nchi zenye hospitali kubwa hazikusalimika. Mwaka 2015, katika jimbo la Florida nchini Marekani, wanawake watatu wazee waliokuwa wakipungukiwa na uoni walitozwa dola 5,000 na kuchomwa machoni seli zilizotolewa katika mafuta ya miili yao wenyewe. Macho yote mawili yalichomwa siku moja, jambo ambalo mtafiti mwangalifu asingelifanya. Walikwenda wakiwa bado wanaona. Baada ya siku chache walikuwa wamepoteza uoni karibu wote.

Huku kwetu biashara hii huja pia kwa sura ya vipakiti vya unga unaodaiwa kuwa na seli shina za matunda, vikiuzwa na jirani, ndugu au muumini mwenzetu. Unga unaomezwa husagwa tumboni kama chakula kingine. Seli ya tufaha haiwi seli ya binadamu. Hasara yake haiishii mfukoni. Mgonjwa wa kisukari anayeacha insulini, au wa figo anayekatisha usafishaji wa damu kwa kuamini vipakiti hivyo, anaweza kupoteza maisha.

Kabla ya kulipa, tunawaomba muulize maswali haya, na majibu yawe ya maandishi:

1. Je, tiba hii imeidhinishwa kwa ugonjwa wangu? Leseni ya kliniki si uthibitisho wa kila tiba itolewayo humo.
2. Seli zimetoka wapi, na nani alizipima kuhakikisha hazina vimelea?
3. Kama ni utafiti, kibali cha kamati ya maadili kiko wapi, na kwa nini mshiriki atozwe fedha?
4. Nikidhurika, nani atanihudumia na kwa gharama ya nani?

Anayekujibu kwa shuhuda za watu waliopona, au anayekuhimiza ulipe leo kabla bei haijapanda, amekwisha kukujibu. Ondoka.

Msiache dawa mlizoandikiwa kabla ya kuzungumza na daktari anayewatibu. Aliyekwisha kulipa atunze risiti, kifungashio na ujumbe wote wa simu, kisha atoe taarifa kwetu. Aliyedhurika aende hospitali kwanza na aseme wazi alichochomwa au alichomeza. Taarifa ya mtu mmoja asiyeona haya kusema yaliyompata yaweza kumwokoa mwingine ambaye kesho angeketi kwenye kiti kilekile.