Njia ya Mfongoni: Kumbukumbu ya Watoto wa Shule



Katika historia ya miaka mia moja ya usharika huu yameandikwa mengi juu ya majengo: kanisa la kwanza, nyumba ya mchungaji, madarasa. Ni haki yaandikwe. Lakini liko jambo moja lisiloonekana katika picha wala katika ramani yoyote. Ni njia ya mkato iliyopita mgombani, kandokando ya mfongo, ambayo wazee wa leo waliikanyaga kwa miguu mitupu walipokwenda shule katika miaka ya 1950.

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893 na Mamba mwaka 1894, na kila palipojengwa kanisa mlimani, shule haikukawia. Hapa usharikani barabara ilizunguka korongo kwa mbali, na mtoto aliyeifuata alichelewa kengele. Aliyechelewa alijua kinachomngoja. Kwa hiyo watoto walishuka kwa ukingo wa mfongo, ule mfereji uliochimbwa na mababu kuleta maji kutoka juu mlimani, wakavuka korongo juu ya gogo, wakapenya vihamba vitano, wakatokea nyuma ya shule. Asubuhi za baridi umande wa migomba uliwalowesha hadi mabegani. Ijumaa walibeba samadi ya ng'ombe ya kusiliba sakafu za madarasa, na aliyeteleza kwenye gogo siku hiyo hakusahauliwa upesi.

Njia hiyo haikuwa mali ya shule, wala ya misioni, wala ya serikali. Ilikuwa ruhusa tu. Wenye vihamba waliitoa kwa masharti ambayo kila mtoto aliyajua kabla ya kujua herufi: usiguse kahawa, usibomoe ukingo wa mfongo, uwaamkie wenye nyumba. Mtoto aliyepita bila kuamkia, habari zake zilimtangulia nyumbani.

Msimu mmoja mzee mwenye kihamba cha tatu aliifunga kwa miiba. Alikuwa na sababu. Matawi ya kahawa yenye matunda mekundu yalikuwa yamevunjwa, na kahawa ndiyo iliyolipa karo na kodi. Tangu mwaka 1933 wakulima wa mlimani waliiuza kwa chama chao cha ushirika, KNCU, na kila debe lilikuwa na hesabu yake. Kwa majuma mawili watoto walizunguka kwa barabara. Kisha wazazi, mwalimu na mzee mmoja wa kanisa walikwenda kwa mwenye kihamba, nao walimtanguliza mtoto aliyevunja matawi, akiwa ameshika jani la isale, ambalo kwa Wachagga ni ishara ya kuomba msamaha. Mzee alilipokea, akamwuliza mtoto yuko darasa la ngapi. Alipojibiwa kuwa ni la pili, alisema, "Basi una miaka miwili zaidi ya kupita hapa. Pita vizuri." Akaondoa miiba kwa mkono wake.

Aliyelishika jani lile sasa ni babu. Husimulia kwamba alitetemeka njia nzima, na kwamba tangu siku hiyo hakupita kwenye kihamba kile bila kuinamisha kichwa.

Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za misheni zilikuwa za serikali, lakini watoto waliendelea kupita palepale. Njia ilipotea baadaye, tena bila ugomvi. Vihamba viligawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu. Maji ya bomba yalifika, mfongo ukaachwa ukakauka. Bei ya kahawa ilipoanguka, wengine waling'oa mibuni. Zikajengwa nyumba za matofali, zikafuata kuta na mageti. Hakuna aliyeifunga njia; kila mmoja alifunga kipande chake. Na kwa kuwa hakuna aliyekosewa, hakuna aliyekwenda na isale, wala hapakufanyika kikao chochote.

Leo watoto wa mtaa wa juu huzunguka kwa barabara, wakipishana na pikipiki na malori ya mchanga. Mama zao husimama getini mpaka wapotee konani.

Hakuna anayeombwa kubomoa ukuta wake. Wanaoombwa ni wale ambao bado hawajajenga, na wazee wanaoketi kugawa vihamba. Kabla ya kupanda mpaka, na waulize ni mtoto wa nani anayepita hapo. Upana wa hatua mbili unatosha. Nao walioikanyaga njia ya mfongoni, ambao wangali hai, na waketi na vijana wa usharika waionyeshe ilikopita, kihamba kwa kihamba, ili ichorwe ingali inakumbukwa.