Mbegu Mbele, Mashini Nyuma

Maneno ya memba mmoja wa komite mbele ya mkutano mkubwa wa chama, Baraka



Nimeombwa nieleze kwa nini nilikataa tununue mashini ya kukamua mwaka huu. Kuko wenye walisema mzee huyu anapinga maendeleo. Siipingi mashini. Nimeponda ngazi kwa miguu ndani ya pipa, najua ile kazi, na najua ni mama zetu njo wanaibeba. Tena ni kweli kwamba kwa mkono mafuta mengi yanabaki kwenye makapi, wakati mwingine hata karibu nusu. Lakini acheni kwanza nikate hizi ngazi mbili.

Hii ya kwanza: nyama kidogo, gamba nene, kisu kinakwama. Njo ngazi ya babu zetu, wataalamu wanaiita dura. Sasa hii ya pili: nyama nyingi, gamba jembamba, na kando ya gamba kuko duara ya nyuzi nyeusi. Hii ni tenera. Kwa nje zinafanana kabisa. Lakini mawese yanatoka kwenye nyama, na shamba la tenera linatoa mafuta kama 30% kupita shamba la dura, kwa udongo ule ule na jasho lile lile.

Niliporudi kutoka kambi ya Lugufu nilikuta miti ya baba imekuwa mirefu mno, kuipanda ni kutafuta kifo. Nikaokota miche iliyoota yenyewe chini ya mti mmoja mzuri wa tenera, nikapanda shamba jipya. Mwaka wa tano miti mingine ilizaa vizuri. Mingine ilizaa gamba nene. Na mingine ilinenepa kupita yote, majani mazuri, maua mengi, lakini matunda yanaoza mbele ya kukomaa. Siwafichi, nilifikiri jirani ameniroga.

Jibu lilikuwa limepatikana hapa hapa Kongo, mbele hata nizaliwe. Kule Yangambi, kwenye kituo cha INEAC, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha katika mwaka wa 1941 kwamba tenera si kabila la peke yake. Ni mtoto wa dura na pisifera. Pisifera haina gamba, lakini mara nyingi haikomazi matunda. Ukioanisha tenera na tenera, watoto robo wanakuwa dura, nusu tenera, robo pisifera. Hektari moja inabeba miti 143. Basi kama miti 36 inakula udongo wako miaka 25 na haikupi bidoni hata moja. Na kama jirani ya ile tenera ni dura, nusu ya watoto wanarudi kwenye gamba nene. Kumbe jirani yangu hakuwa na kosa, nami miaka mitano sikumsalimia vizuri.

Wamalezia na Waindonesia walichukua hesabu ya Yangambi wakaifanyia kazi. Mbegu zao za kwanza zilitoka kwetu Afrika: miti minne tu ilipandwa Bogor mwaka wa 1848. Hata mdudu anayebeba poleni walimtoa Kameruni, wakamwachilia Malezia mwaka wa 1981. Zamani walikuwa wanalipa watu kupaka poleni kwa mkono. Leo nchi hizo mbili zinatoa zaidi ya mawese manne kwa kila matano ya dunia. Na Kongo, iliyokuwa kati ya wauzaji wakubwa wa dunia wakati wa Wabeleji, inanunua mafuta kutoka nje.

Wala si mbali tu. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, tangu 2018 serikali ya Tanzania iko inasukuma ngazi, wao wanasema michikichi, na kituo cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu za tenera. Ile miti ikizaa yote, mtumbwi utakaotoka hapa na mafuta ya dura utamuuzia nani kule?

Sasa mtasema, tununue mbegu, kazi imekwisha. Hapana. Mbegu ya ngazi ni mvivu: inataka joto la digrii 38 mpaka 40 kwa miezi zaidi ya miwili ndiyo iamke. Kwa hiyo inauzwa ikiwa imeanza kuota, na ikichelewa bandarini inakufa. Halafu inakaa kwenye kitalu karibu mwaka mzima. Shambani, miaka mitatu au minne mbele ya mkungu wa kwanza. Wafadhili, hapa naongea na ninyi: mashini inapigwa picha siku ile ile inafika. Mche hauna picha. Lakini mashini bila ngazi za kutosha inalala, na kuilinda kunakula makuta.

Kisha kuko jambo ambalo kisu hakionyeshi. Wengi wetu tulirudi tukakuta shamba lina mtu mwingine, na leo tunalima kwa kukodi. Mwenye udongo anakubali muhogo, maharagi, karanga. Ngazi anakataa, kwa sababu anayepanda ngazi kesho atasema shamba ni lake. Simlaumu. Lakini tukigawa miche bila kutengeneza hilo, tutawapa wenye mashamba tayari, na wajane wetu watabaki wakibeba mikungu ya wengine.

Kwa hiyo naomba makuta ya mashini yagawanywe. Sehemu kubwa iende kwenye kitalu na mbegu zenye cheti. Sehemu ndogo iende kwenye karatasi: mwenye udongo na mpandaji wakae mbele ya chifu na mashahidi, waandike miaka mingapi, na mikungu itagawanywa namna gani. Mashini tutairudilia miche ikiwa shambani.

Mwenye anabisha aje kwangu Alhamisi asubuhi. Ile miti isiyozaa sijaikata yote, nimeacha sita kwa ajili yenu. Mje na visu.