Mshauri wa Ghala la Silaha na Nani wa Kumjibu

Msikilizaji, bajeti ikibana, ofisi inayoshauri jeshi juu ya usalama wa silaha ni rahisi sana kupigwa panga. Haina kifaru cha kupitisha kwenye gwaride. Ikifanya kazi yake sawasawa hakuna kinachotokea, na nani atasimama bungeni kuomba fedha za jambo lisilotokea?

Watu wa Mbagala, Dar es Salaam, wanajua linalotokea. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la mabomu la jeshi lililipuka, wakafa zaidi ya 20. Hata miaka miwili haijaisha, usiku wa Februari 16, 2011, ikawa zamu ya Gongo la Mboto: zaidi ya 20 tena, uwanja wa ndege ukafungwa, wazazi wakatafuta watoto waliopotezana nao gizani.

Mshauri angefanya nini? Kwanza, angepima baruti. Baruti ya kurushia makombora huzeeka. Ndani yake mna kemikali ya kuituliza, na joto, kama hili letu la pwani, huimaliza haraka. Ikiisha, baruti yaweza kuwaka yenyewe, pasipo kiberiti wala hujuma. Kwa macho huoni kitu. Lazima sampuli iende maabara. Kisha angepima umbali. Kwa kanuni za kimataifa, tani nane za vilipuzi hutaka kama mita 450 hadi nyumba ya jirani. Sisi tumebaki kubishana nani alimfuata mwenzake, raia au kambi, kana kwamba bomu husubiri hukumu.

Marekani walijifunza baada ya radi kupiga na kulipua ghala la jeshi la majini la Lake Denmark, New Jersey, Julai 1926. Mwaka 1928 wakaunda bodi ya kudumu ya usalama wa vilipuzi, na hadi leo ipo.

Mishahara, maabara na safari za ukaguzi zina gharama, sikatai. Ila fedha hizo zitapotea bure kama ripoti inaishia kwenye droo ya kamanda. Anayekataa ushauri akatae kwa maandishi, aweke sahihi yake, na nakala iende kwa kamati ya Bunge inayosimamia ulinzi. Idadi ya makombora ibaki siri ya jeshi. Lakini baruti ilipimwa lini mara ya mwisho? Hilo wabunge wanaweza kuuliza hadharani, na wajibiwe.