Mazoezi ya Ngumi kwa Anayeanza
Maelezo ya mazungumzo kwa wafanyakazi wa Serikali na wananchi



Mchezo wa ngumi ulipigwa marufuku Zanzibar baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na mwaka 2023 mapambano yakachezwa tena hadharani Unguja. Katika muda huo wa karibu miaka 60 vizazi viwili vilikua bila ya kuuona mchezo huo ukifundishwa nyumbani. Kwa hiyo kinachokosekana si ari ya vijana wala glavu, bali ni walimu wakongwe. Pasipo mwalimu, watu wawili huvaa glavu jioni wakaanza kutwangana vichwa siku ya kwanza, wakidhani kuwa huko ndiko kujifunza.

Mtu anayetaka afya hana haja ya kupigwa kichwa hata mara moja. Ubongo hutikisika ndani ya fuvu konde linapotua, na kofia ya kinga huzuia mipasuko ya ngozi zaidi kuliko inavyozuia mtikisiko huo. Tangu mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, alieleza katika maandishi ya kitabibu hali ya mabondia walioyumba kama walevi kwa sababu ya mapigo ya kichwa. Manufaa ya moyo, mapafu na misuli hupatikana kwa kuruka kamba, kupiga gunia na kupiga hewa mbele ya kioo.

Mfanyakazi anayekaa kitini kutwa, hasa aliyepindukia miaka 40 au mwenye presha au kisukari, yampasa kupimwa kwanza.

Wiki za mwanzo ni za miguu. Anayetumia mkono wa kulia huutanguliza mguu wa kushoto, miguu ikiachana kwa upana wa mabega, kisigino cha kulia kikiinuka kidogo, kidevu chini, na ngumi zote mbili zikiwa mashavuni. Akienda mbele hutangulia mguu wa mbele. Akirudi hutangulia wa nyuma. Wala haipishanishi kamwe. Zoezi hili halina sifa mbele ya watazamaji, na aghalabu watu hulikimbia. Lakini nguvu za konde huanzia mguuni, zikapanda kwa nyonga na bega, na mkono huzipeleka tu. Anayepiga kwa nguvu za mkono pekee huchoka kabla ya raundi kwisha. Raundi ya kawaida ni dakika 3 na mapumziko dakika 1, kama zilivyoweka kanuni za Queensberry za mwaka 1867. Anayeanza atosheke na dakika 2, raundi 3 au 4, siku mbili au tatu kwa wiki.

Kabla ya kugusa gunia mikono ifungwe bendeji, kifundo cha mkono kinyooke, na kidole gumba kikae nje ya ngumi. Pigo liangukie vifundo vya kidole cha shahada na cha kati. Likiangukia upande wa kidole cha mwisho, mfupa wa kiganja huweza kuvunjika, na karani mwenye plasta mkononi haandiki barua. Gunia lijazwe vitambaa chakavu, si mchanga, kwani mchanga hushuka chini ukashindiliana kama jiwe.

Wanawake nao wamo: ngumi zao zimechezwa katika Olimpiki tangu London mwaka 2012, na mazoezi haya huweza kufanywa ndani, kwa saa yao wenyewe na kwa mavazi ya stara. Katika Ramadhani yafanywe baada ya kufuturu na chakula kushuka, na raundi zipunguzwe.

Akitokea mtu aliyegongwa kichwa kwa bahati mbaya, akaumwa na kichwa, akatapika au akasahau alipo, asimamishwe papo hapo na apelekwe kwa daktari, hata akisema yu mzima. Asiendeshe chombo cha moto, wala asiachwe kulala peke yake usiku ule.