Sabuni, Kanga na Utu wa Mgonjwa wa Akili

Katika hospitali za magonjwa ya akili za Afrika Mashariki, zikiwemo Mathari ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1910, na Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, serikali hubeba gharama ya majengo na wahudumu, ilhali mahitaji madogo ya kila siku, kama sabuni, mswaki, mafuta ya kujipaka, kandambili na taulo za kike, mara nyingi hutegemea ndugu wa mgonjwa. Wapo wagonjwa ambao ndugu zao wako mbali, wamechoka au wanaona aibu kuonekana getini, na hao ndio wanaofikiwa na watu wa kujitolea: wanafunzi, wanakwaya, waumini wa misikitini na vikundi vya akina mama.

Jamii huihesabu kazi hiyo kuwa sadaka ya kumfurahisha mgonjwa kwa saa moja, lakini vitu hivyo vina uzito katika tiba yenyewe. Klopromazini, dawa iliyoanza kutumika katika miaka ya 1950 kutibu saikosisi, yaani hali ya mtu kushindwa kutofautisha mambo halisi na yale yanayozuka akilini mwake, huweza kuifanya ngozi iungue upesi juani na kinywa kikauke, na kinywa kikavu huharakisha kuoza kwa meno. Dawa kadhaa za kutibu saikosisi huongeza uzito pia, hata nguo alizokuja nazo mgonjwa zikambana. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, kofia pana, dawa ya meno na nguo inayomtosha humsaidia kuvumilia tiba ambayo pengine angeikataa.

Upo pia upande wa utu. Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kitabu chake Asylums cha mwaka 1961, alieleza kwamba mtu anapoingia katika taasisi ambamo watu hulala, hula na kufanya kazi pamoja chini ya mamlaka moja, huvuliwa nguo zake na kutenganishwa na mali yake, na kwa kufanyiwa hivyo hupoteza sehemu ya utambulisho wake. Ndiyo sababu namna ya kutoa ina uzito sawa na kinachotolewa. Mwanamke aliyevaa sare ya wodi kwa miezi kadhaa, akiwekewa doti tatu za kanga mbele yake, akasoma jina la kila moja na kuchagua aipendayo, amepata vazi, na zaidi ya hapo amerudishiwa haki ya kuamua jambo linalomhusu.

Wema huo, hata hivyo, unahitaji utaratibu. Muuguzi mkuu wa wodi aulizwe kwanza, kwa kuwa vyombo vya kioo, nyembe, mikanda, kamba na viberiti vinaweza kumdhuru mgonjwa au mwenzake, na kila kifurushi kiandikwe jina la mwenyewe ili kisiishie mikononi mwa mwenye nguvu. Misaada isirundikwe Idi na Krismasi pekee, kwa maana sabuni ya sikukuu huisha kabla ya mwezi kwisha. Zaidi ya yote, mgonjwa asipigwe picha akipokea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unalinda faragha yake, na picha iliyosambaa mitandaoni humsubiri mtaani atakapopona na kwenda kutafuta kazi au mchumba.

Ukarimu wa raia hauiondolei serikali wajibu wake, kwa kuwa usafi wa mwili ni sehemu ya matibabu na unastahili fungu katika bajeti ya hospitali. Wala hauwaondolei ndugu wajibu wao. Msikilizaji anayetaka kusaidia na aende hospitali iliyo karibu naye, aulize kinachohitajika, akipeleke kimyakimya, kisha arudi tena. Na mwenye ndugu yake aliyelazwa na aanze na huyo, kwa sababu hakuna mgeni awezaye kuijaza nafasi ya mtu wa nyumbani.