Haki Iliyoandikwa na Fedha Zinazopungua: Watoto wa Elimu Maalumu Nchini Marekani



Familia nyingi za Wakongo zilizoishi katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, leo zinaishi Marekani, na watoto wao wanasoma katika shule za umma za huko. Kwa hiyo habari za kupunguzwa kwa fedha za elimu nchini humo zinawagusa watu waliokuwa majirani wa juzi.

Kabla ya mwaka 1975, Bunge la Marekani lilibaini kwamba watoto zaidi ya milioni moja wenye ulemavu walikuwa wamefungiwa kabisa milango ya shule za umma. Tarehe 29 Novemba mwaka huo Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyowapa haki ya elimu ya bure inayowafaa. Kila mtoto huandaliwa mpango wake wa maandishi, mzazi akiwa mezani, na mzazi asiyejua Kiingereza hupatiwa mkalimani. Katika mwaka wa masomo 2022/23 waliohudumiwa walikuwa takribani milioni 7.5, wenye umri wa miaka 3 hadi 21.

Pamoja na haki hiyo, Bunge liliahidi fedha. Serikali ya shirikisho ingechangia, kwa kila mtoto mwenye ulemavu, hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja. Ahadi hiyo imetimiza nusu karne bila kutekelezwa hata mwaka mmoja. Katika miaka ya karibuni mchango haujafika asilimia 15. Sehemu kubwa ya mzigo hubebwa na majimbo na wilaya za shule, nazo hutegemea sana kodi ya ardhi na majengo. Penye nyumba za thamani ndogo, kodi ni haba.

Fedha za shirikisho zikipungua, sheria haimpunguzii mtoto haki yake. Wilaya hulazimika kutafuta kwingine, na mara nyingi hapana kwingine. Mzazi hapokei barua ya kumfukuza mwanawe. Anachokiona ni kwamba mtaalamu wa matamshi aliyekuja mara mbili kwa wiki sasa anahudumia shule tatu; msaidizi aliyekaa na mtoto mwenye usonji ameondoka na nafasi yake haijajazwa. Mpango wa maandishi umebaki vilevile. Wa kuutekeleza ndiye hayupo. Kuna na mfuko wa pili usiosemwa sana: Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, ambayo hulipia baadhi ya tiba zinazotolewa shuleni. Sheria ya Julai 2025 iliyopunguza matumizi ya Medicaid haikutaja madarasa, lakini jimbo lenye upungufu wa fedha za afya litatazama pia tiba hizo.

Jambo zito zaidi, pengine, ni usimamizi. Machi 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitangaza kupunguza watumishi wake kwa karibu nusu, na ofisi 7 kati ya 12 za kanda zinazopokea malalamiko ya ubaguzi shuleni zikafungwa. Oktoba mwaka huohuo wakatangaziwa kuachishwa kazi hata wasimamizi wa elimu maalumu wenyewe. Sheria ya Novemba iliyomaliza kufungwa kwa shughuli za serikali ikabatilisha hatua hiyo. Kuifuta wizara yenyewe ni mamlaka ya Bunge, wala Bunge halijafanya hivyo.

Mzazi mwenye uwezo huajiri wakili. Mzazi mgeni, asiye na wakili wala lugha, tegemeo lake lilikuwa ofisi ile ya malalamiko, kwa kuwa haitozi ada. Muda wa kulalamika ni siku 180 tangu kosa litendeke, na muda huo haurefuki kwa sababu tu watumishi wamepungua. Kwa wenye jamaa huko, la kuwaambia ni hili: waombe nakala ya mpango wa mtoto, wadai mkalimani katika kila kikao, na waandike tarehe ya kila huduma iliyokosekana.